Feni za Gari la Wanjala

Busia, Kenya
4 Novemba 2024

Kwa Baba Mdogo Okochi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini goti limepoa na mvua ya Merikit imekuachia mihogo kidogo. Sisi tuko wazima, isipokuwa presha ya Baba, ambayo siku hizi inapanda na kushuka pamoja na gari.

Gari lenyewe ndilo linalonifanya nikuandikie. Mimi na Baba tulinunua gari dogo la michezo, la milango miwili, tukalitoa injini yake na kulitia nyingine kubwa yenye turbo. Tarehe 14 Desemba kuna mbio za kupimana muda huko kwenu Tororo, Uganda, kwenye uwanja wa zamani wa ndege. Linakimbia, Baba Mdogo! Lakini likisimama dakika kumi injini ikiwaka, linachemka.

Feni ya zamani, ile ya kuzungushwa na mkanda, haiingii tena. Kati ya injini na rejeta, ile ya kupoza maji, imebaki nafasi ya vidole vinne. Mimi nataka feni za umeme. Baba anataka tukate bodi, tusogeze rejeta mbele na kurudisha feni ya mkanda. Tumegombana wiki mbili. Juzi nikamwambia, "Basi tumuulize Baba Mdogo." Alifuta mikono kidole kwa kidole, akasema, "Mwandikie wewe. Mimi sina la kumwambia."

Lakini hakunikataza.

Nampa Kevina barua hii, yeye huvuka mpaka kila siku kuuza vitenge vyake. Simu yako najua unaishika tu kuangalia saa.

Mwanao,
Emmy


Merikit
7 Novemba 2024

Mwanangu Emmy,

Goti halijambo, ahsante. Mihogo ndiyo inayougua. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nikitembea hadi barabarani na kurudi. Siku hizi kukaa kumenishinda.

Gari linapokwenda, upepo wa njia unalitosha. Feni ni ya kusimama. Kwa hiyo usiichague kwa kufikiria mbio. Ichague kwa kufikiria foleni ya malori pale mpakani, saa saba mchana, hakuna anayesogea. Kwa nafasi ya vidole vinne uko sahihi: feni mbili nyembamba za umeme, inchi kumi na mbili kila moja. Zifunge upande wa injini ili zivute hewa kupitia rejeta. Zizungushie bati lililoziba pembeni zote, la sivyo zitavuta hewa ya bure ya ubavuni. Kila feni iwe na rilei yake ya kuiwashia umeme na fyuzi yake. Swichi ya joto iziwashe kwenye nyuzi tisini na mbili, izizime kwenye themanini na saba. Na upime kama alteneta inayozalisha umeme wa gari inaweza kuzibeba zote mbili pamoja na taa.

Usimwambie baba yako kwamba uko sahihi. Mwambie tu mimi nimesema hivi.

Unaniuliza pembeni ya karatasi kwa nini siji kuliona gari mwenyewe. Kutoka hapa hadi kwenu ni safari ya asubuhi moja. Lakini nitavuka siku baba yako Wanjala atakaponiita kwa kinywa chake. Ni miaka kumi na sita sasa, na sijaacha kusikiliza.

Baba yako Mdogo,
Okochi


Busia
19 Novemba 2024

Baba Mdogo mpendwa,

U hali gani? Huku hali si nzuri, nakuambia ukweli.

Baba alikubali feni za umeme. Alikubali kuliko nilivyotarajia! Nilipokwenda Kisumu kutafuta rilei, akaenda mwenyewe kutafuta feni na akazifunga kabla sijarudi, na bati juu yake, kazi safi kabisa. Zilivuma. Tukafurahi. Jumamosi akasema, "Twende tukalipime pale Okochi alipopataja." Tukaingia kwenye foleni ya mpakani, nyuma ya trela la saruji.

Dakika kumi na nne. Mvuke ukatoka hadi kwenye kioo. Turnboy mmoja, yaani utingo, akaning'inia mlangoni mwa trela akapiga kelele, "Sista, githeri imeiva? Tuletee sahani!" Foleni nzima ikacheka. Tukalisukuma hadi pembeni, Baba na shati lake la kanisani.

Tulipofika langoni akasema, "Hizo ndizo hesabu za Okochi." Kisha akaniambia nisikuandikie tena.

Hii nimeiandika kwa siri, dukani kwa rafiki yangu Sandra.

Mwanao,
Emmy


Merikit
21 Novemba 2024

Emmy,

Salamu fupi, Kevina anasubiri kwenye bodaboda. Mimi mzima.

Hesabu ninazijua. Nimezirudia mara nne tangu jana, nikizunguka nyumba mpaka jirani yangu Ikwap akaniuliza kama nimepoteza kuku. Feni mbili za kipimo hicho haziwezi kushindwa kwa dakika kumi na nne.

Baba yako alizinunua wapi? Chukua kioo kidogo, kiingize chini ya bati, usome lebo iliyo nyuma ya mota. Niandikie kila herufi na kila namba.

Okochi


Busia
23 Novemba 2024

Baba Mdogo,

Natumaini umelala vizuri kuliko mimi.

Imeandikwa 24V.

Alizinunua kwenye yadi ya malori, kwa wale wanaouza spea zilizotolewa kwenye trela. Nimetazama lebo ile nikataka kulia. Lori ni volti ishirini na nne, gari letu ni kumi na mbili. Zinazunguka, zinavuma, lakini ni kama mtu anayelima kwa mkono mmoja. Hapa Busia kila mtu hununua kwa wale wa malori, ndio wenye vitu. Miwani yake ilikuwa nyumbani.

Na ameifanya kazi ya ufundi miaka arubaini! Nikimwambia, atajua nimekuandikia tena. Nisipomwambia, Jumamosi ijayo anaanza kukata bodi.

Nimwambie nini?

Mwanao,
Emmy


Merikit
26 Novemba 2024

Mwanangu Emmy,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani, na baba yako kwa namna ya pekee. Karatasi hii msomee kwa sauti.

Kosa ni langu. Niliandika inchi, nikaandika nyuzi, nikaandika rilei na fyuzi, nikasahau kuandika volti. Mtu aliye Busia, akiambiwa feni bila volti, ataletewa ya lori, maana ndiyo iliyojaa sokoni. Tafuteni za volti kumi na mbili. Bati alilotengeneza Wanjala lisiguswe.

Okochi

(Hii nyingine isome peke yako.)

Sijawahi kusahau volti. Niliona haina haja ya kuandikwa kwa mafundi wawili.

Desemba ya 2007 baba yako alinipigia simu mara tatu. "Funga karakana yako ya Kitale, njoo nyumbani." Nikamjibu kwamba nimepiga hesabu na vurugu za uchaguzi hazitatufikia. Zilitufikia. Nilishuka Busia na shati moja lenye harufu ya moshi. Langoni kwake, mbele ya wanawake na watoto, akaniuliza, "Sasa hesabu zako ziko wapi?" Hakuwa amekosea, na ndiyo sababu sikuweza kuingia. Nikavuka mpaka siku hiyohiyo. Tororo wakatupokea sisi wakimbizi kambini, wengine wakaendelea mbele, mimi nikabaki mahali ambapo milima ya upande wetu inaonekana kukiwa hakuna ukungu.

Sasa yeye ndiye aliyekosea, na namba ninazo mimi. Barua ya kumuuliza swali lile lile nimeiandika mara mbili. Zote nimezichana.

Baba yako Mdogo


Busia
1 Desemba 2024

Baba Mdogo,

Hujambo? Leo nakusalimu nikicheka kidogo.

Nilimsomea wakati wa chai. Alisikiliza hadi mwisho, kikombe kimesimama hewani. Akasema, "Okochi amesahau volti?" Mama akakohoa. "Okochi? Huyo siku ya kuoa alitaka kujua bibi harusi ana volti ngapi."

Baba akacheka kidogo, kisha akakoma. Akaomba karatasi, akaenda kuvaa miwani, akaisoma mwenyewe. Akaikunja na kuitia mfuko wa shati.

Siku hiyohiyo alizifungua feni kwa mikono yake, akanituma dukani kuleta za volti kumi na mbili. Jana tulikaa foleni dakika hamsini na tano. Mshale wa joto ulisimama katikati kama umepigwa msumari. Nilipiga kelele peke yangu. Yeye alikuwa anatazama mbele, kule kwenye geti la Uganda.

Nikamuuliza, "Sasa tumwite?"

Akasema, "Nani?"

Pole, Baba Mdogo. Nimejaribu.

Mwanao,
Emmy


Merikit
6 Desemba 2024

Mwanangu Emmy,

Natumaini barua hii inakufika kabla hamjaanza kuzunguka vituo vya polisi. Namtuma Ikwap mwenyewe aje nayo kwa pikipiki. Gari liko hapa, na baba yako yuko hapa. Msimsubiri leo.

Alifika saa nane na robo mchana. Nilikuwa nimesimama mlangoni kama kawaida yangu. Aliingia uani, akasimama, hakuzima injini, hakushuka. Mimi sikusogea. Feni zikawaka, zikazima, zikawaka tena. Dakika kumi na mbili, Emmy, nilizihesabu. Niliuona mshale kupitia dirishani: katikati. Amezeeka mashavu. Nadhani naye alikuwa anahesabu makunyanzi yangu.

Ndipo akazima. Kukawa kimya hata kuku wakaonekana wamesikia.

"Nipe maji," akasema.

Nikakimbia, kwa goti hili, nikarudi na dumu la lita tano, nikaelekea moja kwa moja kwenye boneti.

"Okochi," akasema. "Ya kunywa."

Baba yako Mdogo,
Okochi