Malta Iliyo Nyuma ya Kituo cha Mabasi

Bi Lastenia mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia bafuni kwa binamu yangu hapa Cuenca, mama yangu yuko sebuleni upande wa pili wa mlango na hajui kama nipo, au tuseme anajua niko Malta, na nakuomba unishike mkono kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi anakuja kunipokea na bendi, tarumbeta, ngoma na yule mzee wa tuba, tarumbeta kubwa kuliko yeye, wakati mimi sijatoka popote. Jina langu usilitaje hewani kwa sababu mama hukusikiliza redioni kila asubuhi akipukuchua mahindi, na mji wetu pia siutaji, ila ni ule wa washona viatu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nafundisha kwa mkataba wa muda katika shule ya masista, na mwalimu mkuu, Sista Auxiliadora, aliniita ofisini akaniambia, "Binti, watoto wanakupenda, lakini nafasi ya kudumu sikupi bila cheti cha kufundishia Kiingereza kinachotambulika. Kalete kabla shule hazijafunguliwa Septemba." Basi nikaanza kutafuta, nikaona kuna kozi ya mwezi mmoja huko Malta, kisiwa ambacho watu wa kila taifa huenda kujifunzia Kiingereza, na kuna kozi hiyo hiyo hapa Cuenca, mtihani ule ule, wasahihishaji wale wale, hata cheti chenyewe hakisemi ulikisomea wapi, na moyo wangu ulikuwa umeshaegemea Cuenca kwa sababu Malta ilitaka viza na mimi sijawahi kupanda ndege na sina hamu. Kosa langu ni kwamba neno Malta nililitamka mezani kabla sijamaliza kufikiri.

Mama akaweka kijiko chini. Unaijua mitaa yetu, Bi Lastenia, kila nyumba ina mtu wake kule ng'ambo, ndiyo maana kila nyumba ina ghorofa za pesa za huko ambazo hakuna anayelala ndani yake, isipokuwa yetu, yenye paa moja na watu wote ndani. "Sisi tumebaki kama kuku bandani," mama husema, "jioni unahesabu, wote wapo." Jumapili hiyo hiyo akamwambia padre, padre akatangaza misani, na kufumba na kufumbua naandaliwa karamu ya kuagwa. Nilipanga kusema ukweli pale pale kwenye karamu, naapa, niliamka nikiwa na maneno yangu tayari, lakini nilipotoka uani nikakuta simbilisi, vile vinyama vyetu vya karamu tunavyofuga jikoni, wameshatungwa kwenye miti, mama anawageuza juu ya makaa huku machozi yanamtoka, kidogo moshi, kidogo furaha, na wewe ni mtu wa huku, unajua kwamba simbilisi akishachomwa kwa ajili yako, kama ni kuolewa umeolewa, kama ni kusafiri umesafiri. Nikala. Nikaagwa.

Hapo ndipo alipokuja Mama Klever, jirani yetu, na furushi limefungwa kwa foili, simbilisi wanne wa kuchoma, bado wa moto, nimpelekee mwanawe Klever aliyeko New York.

Nikamwambia, "Mama, mimi naenda Malta."

"Najua. Si huko huko?"

"Malta ni Ulaya, mama. Klever yuko Marekani."

"Mwanangu, kule ni kule. Ukishuka tu uliza Klever, mrefu, ana kovu kidevuni. Huyo hapotei."

Mama yangu akanikanyaga mguu chini ya meza, akasema, "Pokea, usitutie aibu." Nikapokea.

Asubuhi nikakataa kusindikizwa uwanja wa ndege, nikasema nitalia, nikapanda basi la Cuenca peke yangu na sanduku na furushi, nikashuka, nikatembea hadi kwa binamu yangu Marlene, nyuma tu ya kituo cha mabasi, na tangu siku hiyo Malta yangu iko hapo. Kozi naipenda, hilo nalisema waziwazi: asubuhi tunafundishwa, mchana tunafundisha watu wa kweli, muuza matunda, polisi wa barabarani, bibi mmoja anayetaka kuongea na wajukuu zake, huku mkufunzi amekaa nyuma anaandika kila ninapokosea, na wiki iliyopita akaniambia mimi ni mwalimu hasa, nikaenda kulia kwa furaha, halafu nikakumbuka kwamba sina mtu wa kumwambia.

Mama namwambia kwenye simu kwamba bahari ni ya buluu. Hanidadisi sana, Mungu ashukuriwe. Anauliza tu, "Umekula?" na "Vaa lile sweta la kijivu, leo kuna upepo na manyunyu," nami namjibu, "Ndiyo mama, huku Malta baridi kweli," na bahati yangu siku zote huwa kweli kuna manyunyu. Shida ni Jumapili, kama leo. Tangu niondoke amezuka na tabia ya kumtembelea Marlene kila Jumapili, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, mimi nakimbilia bafuni, na ingawa Marlene anaishi peke yake mama anakuja na sufuria ya mahindi ya kuchemsha na jibini ya watu wawili, anaandaa sahani mbili, wanakula moja wao wenyewe kwa kugawana, ya pili anaifunika, anaiacha mezani, anaondoka. Hivi ninavyoandika nasikia mfuniko. Naogopa uzee umeanza kumchezea akili, na ni mimi niliyeuharakisha kwa upweke.

Lakini kubwa ni simbilisi. Walikaa kwenye friji ya Marlene, kila nikifuata maziwa wananitazama, mwishowe tukawala, Bi Lastenia, tungefanyaje? Sasa Klever amepiga simu kwao kusema hajaona mtu wala mzigo, na Mama Klever anapita mlango kwa mlango akisema, "Kumbe msichana hakwenda kusomea Kiingereza, alikwenda kusomea ulafi." Yeye na mama yangu wamekaa benchi moja kanisani tangu wakiwa wasichana, na mama amehama benchi. Alimwambia mbele ya watu, "Binti yangu si mla vya watu. Mzigo uko njiani." Mama yangu hajui kusema uongo, sasa anausema wangu bila kujua, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kozi inaisha Ijumaa. Mama amesema atanipokea Jumamosi na bendi, na sijui kwa nini hataki kuja uwanja wa ndege, anataka kunisubiri kituo cha mabasi cha hapa Cuenca, eti pale bendi itapata nafasi ya kusimama. Nishauri. Nipande basi hadi Guayaquil nirudi kwa ndege ili angalau niwe nimepaa? Au niombe viza, niende Malta kweli, nikasomee cheti cha pili, ili uongo wangu uwe ukweli hata kama umechelewa? Nafasi ya kazi naitaka sana, lakini mama nikimpoteza sitapata mwingine.

Wako katika dhiki,
Msafiri wa Bafuni

BI LASTENIA ANAJIBU

Msafiri wa Bafuni, kwanza toka bafuni, utapata mafua.

Majina yote nimeyabadilisha kabla ya kuisoma barua yako, lakini simbilisi wanne sikupata cha kuwabadilishia, kwa hiyo mji mzima wa washona viatu umeshajua anayezungumzwa ni nani. Pole kwa hilo, ila si pole kubwa. Ulitaka siri ukaandikia redio.

Nianze na lililo jepesi, yaani cheti. Umesema mwenyewe mtihani ni ule ule na wasahihishaji ni wale wale. Sista alikuambia ulete cheti, hakukuambia urudi umebabuka na jua. Kilichokupa haki ya kusimama mbele ya darasa ni yule polisi na yule bibi mwenye wajukuu, uliowafundisha huku mtu mwenye jicho kali anakutazama, na hao umewapata hapa hapa. Kwenda kuchukua cheti cha pili ili kuficha ulikochukulia cha kwanza ni kununua ng'ombe kwa sababu umeokota kamba. Ukitaka kuiona Malta, nenda mwaka mwingine, kwa hamu yako mwenyewe, na umuage kila mtu vizuri. Safari ya Guayaquil isahau kabisa. Mtu hapandi ndege ili aonekane akishuka.

Sasa la pili, na hapa nakugombeza. Wewe ni mwalimu wa lugha na hujui kusikiliza. Mama anakuambia uvae sweta kwa ajili ya manyunyu. Binti, Malta mwezi wa Agosti jua linachoma hadi mawe, muulize yeyote aliyefika. Hayo manyunyu mama aliyaona wapi? Aliyaona dirishani kwake, wingu likielekea kwenye paa la Marlene. Mama anamletea mtu mmoja chakula cha wawili, anafunika sahani ya pili, nawe bafuni unasema ni uzee. Mama anakwenda kumpokea mtu anayetoka Ulaya kwenye kituo cha mabasi, nawe unafikiria nafasi ya tuba.

Mama yako anajua. Pengine Marlene aliteleza ulimi, pengine aliliona sweta la kijivu limeanikwa kwenye kamba, mimi sijui. Ila anajua uko nyuma ya ule mlango, na sahani ni yako.

Utaniuliza mbona hasemi. Hasemi kwa sababu naye ana lake. Ni yeye aliyekimbilia kwa padre kabla hujameza chakula, ni yeye aliyetaka nyumba yake iwe na mtu wake kule kama nyumba za wenzake, na akigonga mlango wa bafuni mtaaibika wote wawili. Basi ameona heri akulishe. Na pale aliposema mzigo uko njiani, hakuwa anausema uongo wako bila kujua. Aliubeba akiujua, mbele ya kanisa zima, na umemgharimu rafiki wa maisha. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili na mimi si mtu wa machozi, lakini niliomba waniwekee wimbo kidogo kabla ya kuendelea.

Kwa hiyo utafanya hivi. Ijumaa chukua cheti chako. Jumamosi nenda kituoni mapema, kwa miguu, bila sanduku, umfikie mama yako kabla bendi haijapuliza, umwambie, "Mama, nilikuwa hapa." Usiongeze bahari. Halafu bendi ipige, kwa sababu umefaulu, na mpiga tuba haulizi mtu katoka wapi. Mkifika nyumbani tafuta simbilisi wanne walionona, uwachome wewe mwenyewe, usimwachie mama makaa, uwapeleke kwa Mama Klever mbele ya wale wale waliosikia matusi, useme uliwala wake na umeleta wengine. Atakusema sana. Mwache amalize, ana haki, kisha mshike mkono umrudishe kwenye benchi lake. Jumatatu cheti kiwe mezani kwa Sista.

Mama Klever, nawe kama unasikiliza: kule si kule. Kati ya Malta na Klever wako kuna bahari nzima.

Na wewe mama wa sufuria, najua unanisikiliza, mikono imo kwenye mahindi. Nyumba ambayo jioni unahesabu na wote wapo, hiyo si banda la kuku, na wenye ghorofa tupu mtaani kwenu wanaijua tofauti hiyo kuliko wewe. Jumapili hii andaa sahani mbili kama kawaida. Hiyo ya pili usiifunike.