Mikono ya Nafula

Mama, umeamkaje huko Tuwan? Kama ukungu bado umelala juu ya Elgon, basi tuko pamoja, maana hapa ndegeni naona nyeupe tupu dirishani.

Amsterdam nusura tuachwe. Ndege ya Nairobi ilichelewa, na hii ya kutupeleka kwa baba wa watoto ilikuwa karibu kufunga mlango. Nilikimbia na mtoto mgongoni ndani ya leso yako, Nafula nikimvuta mkono. Uwanja wenyewe ni kama ndoto, Mama: sakafu inatembea yenyewe, watu wanateleza juu yake kimya kama mawingu.

Kufika kwa ukaguzi, foleni ndefu. Nafula akajichomoa, akaanza kusalimia watu wazima mmoja mmoja kwa mkono, akikunja goti.

"Nafula, si tutaachwa na ndege!"

"Lakini Kukhu alisema mkubwa hapitwi bila mkono." Hayo ni mafunzo yako kwa mjukuu wako, Mama.

Wazungu wakacheka, wakainama, wakampa mikono. Na kila aliyesalimiwa alisogea kando kutupisha, mpaka tukajikuta mbele kabisa. Nilipita nimeinamisha kichwa kama niko kanisani.

Sasa amelala, lakini mkono ameunyoosha hewani. Nimemuuliza polepole anasalimia nani. Amejibu bila kufungua macho, "Kukhu. Tulitoka nikiwa nimelala."

Ubaki na amani, Mama, na mahindi yako yapate mvua. Huo mkono nimeushika mimi, mpaka uje uuchukue mwenyewe.

Mwanao,
Nekesa