Msamaha wa Papa Esaya

Mbarara, Jumanne, Novemba 2013. Mvua tangu asubuhi. Chumba changu hapa Kakiika kinanuka unyevu, na leo sijipendi hata kidogo.

Katika darasa la sheria mwalimu alitueleza jinsi maneno yaliyoandikwa polisi yanavyoweza kumfunga mtu kabla hakimu hajamwona. Wenzangu waliandika. Kalamu yangu iligoma. Nilikuwa namfikiria Papa Esaya, mkulima, jirani yetu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ambaye hii ni wiki yake ya tatu mahabusu.

Aliyemponza ni mimi.

Ng'ombe wa mfugaji wa Endiinzi alikutwa amekatwa panga kando ya mahindi ya Papa Esaya. Polisi wakamchukua mzee. Maelezo yanaandikwa kwa Kiingereza, basi nikaitwa kutafsiri. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilivaa hata shati la kanisani.

Mzee alivua kofia, akainamisha kichwa. "Bakubwa, munisamehe," akasema. "Kama kuko fasi nilikosea, munisamehe."

Kwetu Kivu Kusini, huko Kongo, wazee huanza hivyo. Hata aliyeibiwa huomba msamaha kwanza, ndipo aeleze shida yake. Asipofanya hivyo ataonekana hana adabu. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini nilitafsiri harakaharaka, nikijiona msomi, bila kueleza chochote. Afande akaandika kwamba mtuhumiwa amekiri kosa na anaomba huruma. Niliona kwa macho yangu. Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa ameshasifu Kiingereza changu.

Mzee akaweka alama ya kidole gumba kwenye karatasi.

Jana nilikwenda kumwona nimwambie ukweli. Kabla sijafungua mdomo, akanishukuru kwamba siku ile hakuwa peke yake mbele ya polisi. Jamani! Nilimwachia sabuni na mkate, nikaondoka. Mwoga mkubwa mimi.

Kesho kesi inasikilizwa, na mimi ndiye mkalimani tena. Nimeamua. Nitamwambia hakimu kwamba mzee hakukiri, na kwamba mkalimani aliyenyamaza ni mimi. Hawataniita tena, najua, na afande atanikasirikia sana.

Hilo nitalisema kwa Kiingereza, na Papa Esaya hataelewa. Atanitazama, akingoja. Itabidi nimgeukie nimtafsirie, neno kwa neno, nilichomfanyia.