Kipimo Nilichokiomba

Jumanne, jioni

Mwishowe wamenisikia. Asubuhi nzima nilibishana kwenye kamati ya kupandisha vyeo chuoni. Kalisa wa hisabati hanukuliwi sana katika makala za wenzake kwa sababu wanahisabati ni wachache na huandika polepole. Asishindanishwe na sisi wa tiba, tunaonukuana kila siku! Kila mtafiti apimwe na watu wa fani yake.

Wakakubali. Kalisa akapanda cheo.

Halafu likaja faili langu, nikatoka nje. Waliponiita, nikaambiwa kwamba kati ya watu wa tiba niko chini ya wastani. Nisubiri.

Nimemsimulia mume wangu tukila sambaza, dagaa wa ziwani kutoka Nyamyumba. Akacheka: "Bon, Mama Aline, si ni we mwenyewe uliomba hiyo kipimo?"

Ni mimi. Kinachoniuma ni kwamba hakijakosea.