Sauti Iliyokwenda Kazini Bila Mimi

Jumatatu, 4 Machi

Tumeanza! Ghorofa ya sita, lifti mbovu. Tumefika mezani tunahema kama tuliofukuzwa, na wenzetu wa kampuni za matangazo wamekaa wamepoa, maji ya baridi mbele yao. Chama chetu cha waigizaji wa matangazo kimetutuma watatu: Mwenyekiti, Mchekeshaji na mimi. Mwenyekiti ameigiza daktari kwenye matangazo miaka mingi, mpaka watu njiani humfunulia vidonda. Leo mlinzi wa getini kamwonyesha jino. Naye akaliangalia!

Mkataba mpya una mambo mengi, kwangu ni moja tu: sauti ya mtu isitumike mpaka mwenyewe asimame mbele ya maiki. Siku hizi kompyuta inaichukua, inaifundisha maneno ambayo hujawahi kuyasema. Nina miaka hamsini na mbili. Uso wangu hakuna anayeutaka. Nina sauti tu. Nimegonga meza nikiyasema hayo, maji yao yakamwagika kidogo. Mama Sabuni kawaka! (Jina nilipewa na sabuni ya mche. Mwaka wa kumi na nane huu naisifia.)

Jumatano, 6 Machi

Kifungu changu wamekikataa. Wakili wao — binti mpole, anatuamkia vizuri — kasema hawawezi kukiandika kwa sababu wako kati yetu waliokwishatoa ruhusa. Nani hao? nikauliza. Akatabasamu, akafunga faili. Mchekeshaji kaninong'oneza kwamba anatutisha tu. Na mimi nimeona hivyo.

Ijumaa, 8 Machi

Mgomo! Kuanzia Jumatatu hakuna mwanachama kukanyaga studio. Ukumbi ulifurika. Aliyeapa wa kwanza nani? Mimi. Nilipanda juu ya kiti, na magoti yenyewe haya. Nikasema atakayeingia studio asitusalimie tena. Wakashangilia. Nimepiga kelele mpaka koo linawasha.

Jumanne, 12 Machi

Sauti imekauka kabisa. Nikifungua mdomo natoa mlio wa mlango mkavu. Nawasiliana kwa vikaratasi — na Mama yangu, hapa nyumbani, haoni kusoma! Tumeshinda tunagusana mabega tu.

Jioni kanishika mkono. Kasema leo nimesema vizuri sana redioni. Nikadhani tangazo la zamani. Hapana, anasema, jipya, la sabuni ya maji. Sabuni ya maji? Sijawahi kuitangaza. Ana miaka themanini na moja, nikamwachia.

Jumatano, 13 Machi

Nimekaa na redio tangu asubuhi. Baada ya taarifa ya habari ya saa saba — mimi.

"Mama, pumzika. Nguo niachie mimi."

Mimi kabisa! Hata ile pumzi ndogo ninayovuta kabla ya kutaja bidhaa, ambayo marehemu mume wangu alikuwa akiniigiza mezani kunitania. Nilitaka kupiga kelele na kelele sina.

Simu ikalia. Mwenyekiti. Kaniuliza neno moja: nimewauza? Nikajibu kwa mlio wa mlango. Akakata.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekwenda nyumbani kwa fundi mitambo wa studio. Nimemkuta amelifungua pangaboi, vipande vyote sakafuni. Nikamwandikia: Januari?

Kila kazi yetu huanza kwa kupima maiki. Unasoma mistari miwili mitatu ya ovyo, fundi anarekebisha, basi. Januari tulipima siku mbili! Mbuzi mweupe amepanda ngazi. Shangazi kaja na mwavuli. Soma kwa furaha, soma kwa kuuliza, soma kama unambembeleza mtu. Tulicheka sana. Nikasema kazi rahisi hii ije kila mwezi! Mwishoni kulikuwa na karatasi, nikatia saini bila kusoma, nikidhani ni ya mahudhurio. Nilikuwa nawahi dawa za Mama. Kumbe ndiyo ile ruhusa ya wakili, na mashine ilikuwa inajifunza!

Fundi kasema na yeye aliambiwa ni kupima tu. Nikamwandikia: njoo kesho uwaeleze wanachama. Akaokota skrubu sakafuni, akaanza kuifunga. "Dada, nina watoto."

Simlaumu. Yaani namlaumu, lakini nitafanyaje? Mimi ndiye niliyeandika kifungu cha kuwalinda wengine. Kweli mganga hajigangi.

Ijumaa, 15 Machi

Mkutano. Nikasimama, nikafungua mdomo — mlio.

"Jana redioni alikuwa nayo," akasema Mchekeshaji, "leo kuja kwetu kaisahau nyumbani!"

Ukumbi mzima ukacheka. Rafiki yangu wa miaka ishirini huyo. Hata mimi nilikaribia kucheka, maana kaitoa wakati wake hasa. Maelezo yangu niliyaandika kurasa tatu. Katibu kayasoma mbiombio kama tangazo la bahati nasibu. Mmoja akauliza, kama ni mashine mbona inapumua?

Saba wamesharudi studio. Wanasema kama Mama Sabuni mwenyewe kaenda, wao ni nani wabaki? Mgomo ukivunjika na kifungu kimekwenda. Nimepewa mpaka Jumatatu saa nne: nijieleze kwa mdomo wangu mwenyewe au nirudishe kadi ya chama.

Jumapili, 17 Machi

Sauti inarudi kwa nyufa. Nimemweleza Mama yote, polepole.

"Mashine," akasema. "Hiyo mashine ina mama?"

Nikamwambia haina.

"Sasa nani alikuwa ananiambia nipumzike?"

Mimi humwambia nini kila siku? Mama, punguza redio. Mama, usiguse hicho. Mama, ngoja. Nimekwenda kulia bafuni, bomba nikalifungua asisikie.

Jumatatu, 18 Machi

Saa tatu na robo. Mwenyekiti anapita kunichukua. Kasema atanifikisha, lakini upande wangu hawezi kusimama. Angalau gari lipo.

Nimefanya mazoezi mbele ya Mama. Ndugu wanachama, mliyemsikia si mimi. Mimi ni huyu. Sauti bado nzito, imekwaruza, ya mwanamke nisiyemjua. Ningekuwa mwanachama nisingeniamini. Nikarudia. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa vizuri tu, redio pajani, mara tangazo likaanza. Nikapandisha sauti, nguvu zote nilizonazo: Mama, nisikilize, mimi ni huyu —

Akaniinulia kiganja.

"Nyamaza kwanza, mwanangu. Ngoja nikusikie."

Nikanyamaza. Mwenyekiti anapiga honi nje.