Duara la Mafuta Ambalo Sikulipima

Shoga, nimejifungia stoo ya maabara. Mkaguzi wa shule yuko nje anakunywa chai.

Leo, yeye akiwa amekaa nyuma ya darasa, nilikuwa nawaonyesha kidato cha tatu jinsi ya kukadiria ukubwa wa molekuli. Unadondosha katone ka mafuta kwenye maji yaliyonyunyiziwa poda, kanatanda mpaka unene wake unabaki molekuli moja tu. Unapima duara, unagawanya ujazo wa tone kwa eneo lake, basi.

Tone likagoma kutanda! Limekaa pale linanitazama kama jicho la samaki. Kumbe karai la maji lilioshwa kwa sabuni, na mabaki yake huzuia mafuta kutanda.

Na mimi kwa kiherehere changu nikaandika ubaoni jibu la kitabuni. Hivi hivi!

Mkaguzi akasimama. "Mwalimu, mbona sioni duara?"

Nikasema nilipima jana. NILIPIMA JANA! Jana si nilikuwa kwako nasukwa?

"Nani alikuwepo?"

Nikajifanya napanga vifaa mezani. Mara yule binti niliyempa adhabu wiki iliyopita kwa kuibia mtihani, akanyoosha mkono: "Mimi, mheshimiwa. Nilimshikia rula."

Mkaguzi akamsifu mbele ya darasa zima, akaandika jina lake kwenye ripoti.

Sasa nikisema ukweli, namchoma mtoto wa watu. Nikinyamaza, nimemfundisha nini?

Kabla sijaingia humu nilimvuta pembeni. "Kwa nini umesema vile?"

"Mwalimu, si tunasaidiana?"

Akanikonyeza, shoga. Mimi, mwalimu wake. Akanikonyeza!