Vitundu Vitatu

Mwenzangu, kitendawili! Nyumba haina mlango wala dirisha, fundi katoboa vitundu vitatu, kaona ndani kote. Usihangaike, ni tumbo la mjukuu wangu mshonaji.

Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi.

Asubuhi daktari alimuuliza, "Miaka tisa, kila mwezi unaumwa mpaka unazimia. Nani alikwambia uvumilie?" Mtoto akanitazama, kisha akatazama sakafu. Nami nikajifanya natafuta miwani. Miwani iko usoni, mwenzangu!

Wakampa dawa ya usingizi, wakamtoboa vitundu vitatu, wakapitisha kamera nyembamba kama kalamu kwenye kile cha kitovuni. Daktari akatoka na picha. Eti ile nyama ya ndani ya kizazi imeota nje, imenatisha utumbo, na mirija yote miwili imeziba. Kushika mimba itakuwa kazi. "Angeletwa mapema," akasema. Angeletwa mapema! Hilo neno halinitoki.

Unakumbuka nilivyokuwa nikimkandia tumbo kwa maji ya moto, nikimwambia, "Hata mimi niliumwa, na nikazaa saba"? Kumbe nilikuwa najisifu tu.

Alipozinduka, ulimi bado mzito, nilikuwa nimemshika mkono. Daktari akamwinamia: "Binti, unajua uko wapi?"

Hilo hakulijibu. Alijibu lile la asubuhi, macho kayafumba, polepole kama mtoto anayesoma ubaoni:

"Ni bibi. Lakini msimwambie, atalia."